Nguzo Zilizokwepa Migomba Yangu

Nilifundisha jiografia kwa miaka mingi katika shule za sekondari, na nilipostaafu nikarudi kwenye kibanja changu cha migomba huku Nyabiyonza nikiamini kwamba kijiji kilikuwa kinanisubiri. Hakikuwa kinanisubiri. Kilikuwa kinapalilia kahawa. Miezi ya mwanzo nilikaa barazani na redio, nikimsahihisha mtangazaji wa utabiri wa hali ya hewa, mpaka mke wangu akaniambia nitafute shughuli au nishike jembe. Kwa hiyo serikali ya kijiji ilipotangaza kwamba inahitaji katibu wa kamati ya nishati, nilinyoosha mkono kabla mtendaji hajamaliza kueleza kazi yenyewe ni ipi.

Walinipeleka semina ya siku tatu Omurushaka, katika ukumbi wa nyumba ya wageni iliyo karibu na kituo cha mabasi. Tulifundishwa mabadiliko ya tabianchi, nishati safi ya kupikia, na namna ya kuhakikisha umeme unapofika kijijini hauishii kwa wenye sauti kubwa. Somo hilo la mwisho nililiandika vizuri sana kwenye daftari na kulipigia mstari mara mbili. Nikarudi nyumbani na kofia, begi la karatasi, na hamu ya kusema ambayo haikuwa na dawa.

Nilianza kufanyia mazoezi hotuba zangu uani. Nilikuwa nasimama karibu na jiko la kuni, nikieleza jinsi miti inavyokwisha milimani na jinsi moshi unavyoharibu mapafu ya akina mama. Mama aliyekuwa karibu nami kuliko wote alikuwa mke wangu, naye wakati huo alikuwa anapasua kuni. Siku moja nilimwomba apasue taratibu kidogo kwa sababu shoka lilikuwa linanipotezea mtiririko. Aliliweka shoka chini, akanitazama kwa muda, akaliokota tena na kuendelea kwa kasi ileile. Nikahamia nyuma ya nyumba.

Haukupita muda wapimaji wa njia ya umeme wakafika. Walikuwa vijana wawili wenye vigingi vya mbao na rangi nyekundu, na mkubwa wao aliwahi kukaa darasani kwangu. Aliponiona alivua kofia akasema shikamoo Mwalimu, nami nikaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa cheo chake. Mtendaji alisema nitawaongoza mimi, kwa kuwa ndimi katibu na ndimi ninayejua ardhi.

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilitoka barabarani, ikashuka moja kwa moja mpaka kitongoji cha bondeni, ambako nyumba ni nyingi na watu wake ndio wanaokwenda mbali zaidi kutafuta kuni. Ya pili ilizunguka juu, ikifuata barabara, ikapita dukani, kanisani, na mbele ya lango langu. Mtu yeyote aliyekaa siku tatu Omurushaka angejua ipi ni ya haki. Tatizo la ile ya kwanza lilikuwa moja tu: ilipita katikati ya kibanja changu. Wapimaji walisema migomba iliyo chini ya waya ingebidi ikatwe, kama mistari miwili hivi. Nilitazama wanakoelekeza. Ilikuwa ile migomba iliyopandwa na baba yangu, inayozaa mikungu ambayo mwanaume mmoja huibeba kwa kupumzika njiani. Wageni wakija, huwa nawatembeza pale kwanza kabla sijawakaribisha kukaa.

Sikusema kwamba naionea migomba huruma. Ningesema hivyo, ningekuwa mtu mbinafsi lakini mkweli. Nilikohoa, nikaanza kufundisha. Nilimweleza yule kijana kwamba bondeni kule tabaka la maji liko juu mno, kwamba udongo wake hunyonya na kuvimba, na kwamba nguzo zikisimikwa pale zingelala zote ndani ya masika mawili. Nilichora kwa kijiti mchangani. Nilichora hata mishale. Kijana alisikiliza kwa heshima na kuandika kila neno, kwa sababu nilimfundisha mwenyewe, na katika yale yote niliyomfundisha, lililomkaa zaidi ni kuamini ninachosema. Vigingi vikapigwa juu, kandokando ya barabara. Kitongoji cha bondeni kikaandikwa awamu ijayo, na awamu ijayo ni tarehe ambayo sijawahi kuiona kwenye kalenda yoyote.

Ajabu ni kwamba nililala vizuri. Baada ya wiki chache nilikuwa nimeshaanza kuyaamini yale maji.

Umeme ulipowaka, nyumba yangu ilikuwa miongoni mwa za kwanza. Nikanunua jiko la umeme la presha, lile lenye sufuria ndani na vitufe mbele, nikaliweka sebuleni juu ya meza ndogo kama kombe la mashindano. Mke wangu alitaka kulijaribu. Nikamkataza, nikasema lisubiri siku ya maonyesho. Nilikuwa nimeshamshawishi mtendaji kwamba akina mama wa kijiji wakusanyike kwangu, na ofisa kutoka wilayani, dada mmoja mpole anayeshughulika na mambo ya nishati, awepo kushuhudia. Ningepika maharage na ndizi mbele ya umati, mimi mwenyewe, mwanaume, ili ionekane kwamba teknolojia hii haihitaji mpishi. Mke wangu aliuliza maswali mawili tu: watakuja watu wangapi, na kama kuna chakula kingine endapo. Sikumwacha amalize baada ya endapo.

Siku yenyewe walijaa uani, chini ya mparachichi. Walikuwepo mpaka watu wa bondeni, nami nililiona hilo kama ushahidi wa mvuto wangu. Mbele kabisa alikaa bibi mmoja mjane wa kitongoji kile, mwanamke mwembamba anayejifunga kitenge juu ya sweta hata jua liwe kali namna gani. Nilimsalimia shikamoo Bibi, akaitikia marahaba mwanangu, akaweka fimbo yake chini na kutulia kama mtu aliyekuja ibadani.

Nilimenya ndizi kwa nusu saa. Utomvu ulinishika mikono mpaka vidole vikagandana, na zile ndizi zilivyotoka kwangu akina mama walizitazama kwa huruma. Nikamimina maharage, nikatia maji, nikafunga kifuniko, nikavuta waya wa ekstensheni kutoka dirishani, nikabonyeza kitufe. Hakuna taa iliyowaka. Nikajiambia ni jua, taa ndogo kama zile hazionekani mchana. Nikageuka, nikaanza hotuba.

Nilizungumza karibu saa nzima. Nilieleza mvua za vuli zinavyochelewa, mnyauko unavyoshambulia migomba, vilima vya Karagwe na Kyerwa vilivyobaki vipara kwa ajili ya mkaa na kuni. Nilisema haki ya nishati ni haki ya kila kaya, iwe juu au bondeni. Ndiyo, nilisema na bondeni. Kila baada ya dakika kadhaa nilinyoosha mkono kuelekea jiko na kusema kwamba wakati sisi tunaongea, chakula kinajipika chenyewe, bila moshi, bila jasho.

Nilipomaliza, nilimwalika bibi yule aje awe wa kwanza kuona. Alisimama taratibu, akasogea, akaweka kiganja chake ubavuni mwa jiko. Akakiacha pale. Kisha akaweka cha pili.

"Mwalimu," alisema, "hili la kwako linapika kwa baridi?"

Dada wa wilayani alikuwa wa kwanza kuelewa. Aliufuata waya mpaka dirishani, akachungulia sebuleni, kisha akaingia ndani. Tukasikia mlio mdogo wa swichi ya ukutani, na taa za jiko zikawaka zote, wazi kabisa, kwenye jua lilelile. Saa nzima nilikuwa nimehutubia chombo kilichozimwa, na aliyenigundua ni mtu ambaye hana umeme nyumbani kwake.

Hakuna aliyecheka kwa sauti, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Akina mama waliinamisha vichwa, mabega yakawa yanatikisika. Mimi nikasema kwamba hilo lilikuwa somo la kwanza kuhusu usalama, kuhakikisha swichi imezimwa. Hata leo nikikumbuka sentensi hiyo natamani kuingia stoo na kufunga mlango.

Hapo ndipo mke wangu alipotokea nyuma ya nyumba na wanawake wawili, wamebeba sufuria kubwa la ndizi na maharage yaliyoiva vizuri, yakifuka mvuke. Alikuwa amepika kwa kuni tangu asubuhi, kule nilikokuwa nimehamishia mazoezi yangu ya hotuba. Hakunitazama. Alipakua tu. Maonyesho ya nishati safi ya kijiji chetu yalikula chakula cha mafiga matatu, na kilikuwa kitamu mno, nami nilirudia mara ya pili.

Ingeishia hapo ningekuwa nimeaibika kidogo tu. Lakini wakati wa kula, bibi yule alimgeukia dada wa wilayani na kumuuliza kwa upole kwa nini nguzo hazikushuka kwao. Dada alifungua kabrasha lake, kwani alikuwa mtu wa kujiandaa, akasoma. Alisema taarifa ya kitaalamu inaonyesha kwamba eneo lile lina maji mengi chini ya ardhi na nguzo zisingesimama.

Bibi alitafuna kwanza, akameza.

"Maji?" alisema. "Mwanangu, mume wangu tulimzika kule mwaka juzi. Kaburi lilichimbwa siku mbili, majembe yakavunjika kwenye mwamba. Na maji ya kunywa tunapanda kuyafuata huku juu. Hayo ya chini tukiyapata tungeshukuru."

Kisha akanitazama, bila ukali wowote, akaongeza, "Mwalimu anajua. Alikuwepo."

Nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama kando ya kaburi lile nikatoa salamu za rambirambi, ndefu, na niliwaona wachimbaji wakipokezana sururu, jasho likiwadondoka. Nilikuwa nimeshika sahani ya ndizi mkononi, na nakumbuka nilianza kutazama maharage moja moja kama mtu anayetafuta changarawe. Dada wa wilayani aliandika kitu kwenye kabrasha.

Jioni, wageni walipoondoka, nilimsubiri mke wangu anigombeze, nikiwa nimeandaa utetezi. Nilikuwa na hoja ya urithi wa baba, hoja ya chakula cha familia, na hoja kwamba hata hivyo kijana yule angeweza kupima mwenyewe. Mke wangu alikuwa anasugua sufuria kwa majivu. Nikazitoa hoja zote tatu bila kuulizwa. Akasugua mpaka akamaliza, akaligeuza sufuria likauke.

"Hao wanawake wa bondeni tunakutana kila siku tukienda kuni," alisema. "Wananisalimia vizuri. Sijui kama wewe, ungekuwa wao, ungeweza kunisalimia hivyo."

Basi hiyo ndiyo iliyonifanya nisilale.

Kesho yake nilikaa kuandika barua ya kusahihisha taarifa. Rasimu ya kwanza ilisema kulitokea tofauti katika tafsiri ya hali ya udongo. Niliisoma, nikaona inapendeza, nikaichana. Ya pili ilisema katibu alipotoshwa. Sikueleza na nani. Ya tatu ilikuwa na mistari minne na ilikuwa mbaya kwa lugha, lakini ilisema ukweli, kwamba bonde ni kavu na mwandishi alilinda migomba yake. Mtendaji aliisoma mara mbili, akaniambia barua peke yake haitoshi, ni lazima nilisemee kwenye mkutano wa kijiji ndipo njia mpya iombwe rasmi.

Kabla ya mkutano niliona ni vema nishuke kwa bibi kumwomba radhi. Nilimkuta jikoni kwake, kibanda kidogo cha udongo, amechutama mbele ya moto wa kuni mbichi. Nilipoingia moshi ulinikaba, nikaanza kukohoa mpaka machozi yakanitoka, na kwa muda ilionekana kama nalia kwa kutubu. Bibi akanisogezea kigoda. Ninajua kueleza moshi. Nimeueleza kwenye kumbi. Sikuwa nimewahi kuukalia mpaka sufuria iive.

Nikatafuta namna ya kuanza, nikajikuta nauliza habari za mvua. Akanijibu kuhusu mvua. Nikauliza habari za kahawa. Akanijibu kuhusu kahawa. Mwishowe nikauliza umeme ukifika angeanza kupika nini, nikitarajia aseme maharage. Alisema hataanza na kupika. Anataka taa humu jikoni kwanza, maana macho yameisha kwa moshi na siku hizi hajui kama chumvi ameshaitia, na mara nyingine huitia mara mbili. Kisha simu, maana ikizima hupanda mpaka dukani kuichaji na kushinda huko, na binti yake aliyeolewa Kyerwa akipiga hampati. Kupika atakuja kujifunza baadaye, alisema, kwa mke wangu, si kwangu.

Niliondoka bila kutamka neno radhi. Nilipofika mlangoni aliniambia, "Nimesikia, Mwalimu," na mpaka leo sijui alisikia nini, kwa kuwa sikusema kitu.

Mkutano ulifanyika chini ya paa la ghala la kahawa. Nilipopewa nafasi, nilianzia mbali. Nilianza na hewa ukaa. Nilikuwa ndiyo kwanza nafika kwenye mvua za masika mwenyekiti aliponikatiza kwa heshima na kuniomba niseme lililonileta. Nikashika meza.

"Bondeni hakuna maji," nilisema. "Nilidanganya. Nilikuwa naikinga migomba yangu."

Nilisubiri kelele. Badala yake mtu wa nyuma akacheka, akafuatiwa na mwingine, na ghala zima likaingia kwenye kicheko kirefu. Jirani yangu, mfanyabiashara wa dukani ambaye babu yake alihamia huku kutoka pwani, ndiye aliyenifafanulia baadaye huku akijifuta macho. Kijiji kizima kilijua tangu siku vigingi vilipopigwa. Pale ambapo waya unapinda ghafla kuiacha njia ya bondeni, watu walikuwa wamepaita kwa muda mrefu Kona ya Mwalimu. Watoto wa shule walikuwa wanaelekezana hivyo. Mimi mwenyewe niliwahi kusikia mtu akisema tukutane konani kwa Mwalimu, nikafurahi, nikidhani wamenienzi kwa utumishi.

Kwa kuwa nilitaka kumalizia kwa heshima, nilitangaza kwamba najiuzulu ukatibu. Nilitulia kidogo ili waniombe nibaki. Mwenyekiti akashukuru kwa utumishi wangu na kuuliza nani anapendekezwa. Ndani ya dakika tano walikuwa wamemchagua mwanamke mmoja wa bondeni, mshonaji wa nguo, ambaye hajawahi kuhudhuria semina yoyote na ambaye alianza kwa kuuliza orodha ya kaya zote, moja baada ya nyingine. Kumbe orodha hiyo sikuwa nayo. Nilikuwa na kofia.

Ilichukua muda mrefu wapimaji kurudi. Kijana wangu alikuja tena, akavua kofia tena, lakini safari hii alikuwa na sururu. Alichimba mwenyewe mashimo matatu bondeni kabla ya kuandika kitu, na kila aliposikia mwamba aliniangalia. Niliona fahari ambayo sikustahili: hatimaye alikuwa amejifunza kutoniamini.

Migomba niliikata mwenyewe, mke wangu akionyesha upi uanze. Nilitegemea kusikia uchungu mkubwa, nikakuta kazi ni ngumu mno kiasi kwamba uchungu haukupata nafasi. Mikungu iliyokomaa tuliigawa, mingine ikawa pombe ya rubisi, na kwa wiki nyingi nyumba yetu ilinuka ndizi mbivu. Kibanja kikabaki na uwazi mpana katikati, ambapo jua sasa linaingia. Mke wangu amepanda maharage humo, nayo yanastawi kuliko migomba ilivyokuwa inastawi, jambo ambalo halitaji, ila hunituma nikayachume.

Bibi alipata taa yake jikoni. Binti yake akipiga simu sasa anampata, na nasikia wanazungumza mpaka simu inapata moto. Jiko la presha lilihamishwa kutoka sebuleni siku nyingi, linatumika kila siku, na sufuria kubwa la wageni bado linapikwa kwa kuni kwa sababu kwenye jiko haliingii. Sihutubii tena kuhusu hilo.

Mimi katibu mpya amenipa kazi ya kutembea. Waya umefika, lakini kuna nyumba ambazo umepita juu ya bati zake bila kuingia, kwa kuwa kutandaza nyaya za ndani ni mzigo wa mwenye nyumba na si kila mtu anauweza. Ninapita nyumba kwa nyumba na karatasi yake, nikiuliza nini kinakwama, na nimekatazwa kabisa kueleza. Wiki iliyopita nilikuwa kwa mjane mmoja kijana ambaye nyumba yake ina ufa ukutani, na fundi amekataa kupitisha waya mpaka urekebishwe. Nilifungua mdomo nimweleze kuhusu aina za udongo na kwa nini kuta hupasuka. Alikuwa tayari ameshaniwekea ndoo ya matope na mwiko mkononi. Tulikandika mpaka saa kumi. Ukuta haukunyooka sana upande wangu, lakini fundi ameuona, amesema utafaa.